KUKAA UFIPA SIYO KIKI!

Wadau, kuna hii tabia ya mastaa wetu: anatua kijijini asubuhi, anagawa madaftari, anapiga picha na watoto, jioni huyo anageuza Dar. Chini ya picha anaandika "nimeitwa kutumikia". Siku moja!

Sasa mcheki Adrien Atiman. Alizaliwa Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, Mapadre Weupe wakamkomboa, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, kaskazini ya Ufipa, pembeni ya Ziwa Tanganyika. Akaoa huko huko, akatibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67, bila kamera!

Leo mtu akipangiwa kazi Sumbawanga anaanza utani wa uchawi kabla hata hajaonja ugali wa ulezi wala baridi ya Juni. Wakati kuna masista wamezeekea kule, Kifipa kinawatoka kama wazawa, na msiba ukitokea wanajua ni nyumba ipi.

Madaftari siyo mabaya, mtoto anafurahi kweli. Ila yakiisha, nani bado yupo pale? Mdau, unasemaje?