Nunua kasha kwanza, kamera baadaye

Leo naweka kando mambo ya programu, maana kuna ubishi umenichosha. Nikipita Soko la Toi Jumamosi na begi la kamera mgongoni, hakosi mtu wa kuniuliza ni lenzi gani inafaa kupiga picha chini ya maji. Jibu langu huwaudhi wengi: usianze na lenzi. Wala usianze na kamera. Anza na kasha la kuzuia maji.

Somo hili nililipia karo. DSLR yangu ya kwanza niliipata hapo hapo Toi, ikiwa na lenzi yake ya 18-55, kwa bei iliyonifanya nijione nimeokota dodo chini ya mnazi. Nilipokuja kutafuta kasha lake, nikakuta linauzwa ng'ambo, tena kwa mara nne ya bei ya kamera yenyewe. Nikajifanya mjanja. Nikanunua mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, nikapanda basi hadi pwani, nikaingia baharini Watamu, ndani ya ile hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1968. Dakika ishirini hazijaisha, maji ya chumvi yalikuwa ndani. Skrini ilizimika huku kasa akipita mita mbili mbele yangu. Akiba ya miezi saba.

Waandishi wa programu wenzangu watanielewa nikisema kasha ni kama programu inayokubali toleo moja tu la mfumo. Kila kitufe cha kamera kina pini yake inayopenya ukuta wa kasha. Kiwanda kikisogeza kitufe kidogo tu kwenye toleo jipya, kasha la zamani halifai tena. Kasha la Nikon D7000 haliwezi kubeba D7100, hata kama kwa macho kamera hizo ni mapacha. Na sasa Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi, kwa hiyo wazamiaji wengi wanauza makasha yao ya DSLR. Hayo ndiyo ya kuwinda. Ukipata kasha zima, ndipo urudi sokoni kutafuta bodi inayoliingia. Bodi kuukuu ziko tele.

Mimi napendelea plastiki angavu, kama yale ya Ikelite, kuliko alumini. Ya alumini ni madogo na imara zaidi, lakini bei yake inauma, na tone la maji likiingia kwenye plastiki unaliona mapema.

Haya, lenzi sasa. Juzi muuzaji mmoja Toi alinishikisha 70-300. "Boss, hii inaona simba akiwa Tsavo." Huenda. Chini ya maji ni mzigo. Maji hula rangi, nyekundu ikitangulia katika mita chache za kwanza, na vumbi la bahari hutia ukungu kila picha. Dawa ni kusogea karibu, siyo kuvuta kwa lenzi.

Kwa hiyo zimebaki mbili. Ya kwanza ni jicho la samaki, kama Tokina 10-17, kwa matumbawe na kasa. Hiyo inadai kioo cha kuba mbele ya kasha, kwa sababu kioo bapa hupunguza upana wa lenzi na kukuza vitu kwa takriban theluthi moja. Kuba nalo lina kiroja chake: huleta taswira karibu. Kuba la kipenyo cha sentimita 20 huweka hata mwamba wa mbali kama uko sentimita 30 hivi mbele yake, kwa hiyo lenzi isiyoweza kulenga karibu haioni kitu.

Ya pili ni makro ya milimita 60, na hii ndiyo ningempa mtu anayeanza. Inatosheka na kioo bapa, ambacho ni rahisi, na ule ukuzaji wa theluthi unageuka kuwa zawadi. Kaa mdogo au konokono wa bahari utamsogelea hadi karibu kumgusa (usimguse), na maji machafu hayatakuwa na nafasi ya kukuharibia.

Kabla ya safari, nunua karai. Langu ni la Toi pia. Safisha ringi ya mpira, pakaa grisi ya silikoni kidogo sana, angalia kama kuna unywele au chembe ya mchanga, kisha zamisha kasha usiku kucha likiwa na tishu tu ndani, bila kamera. Mimi nalifanyia hivyo chini ya kitanda, Kawangware. Tishu ya jana imetoka kavu. Kaskazi ikianza kuvuma na maji yakitulia, narudi Watamu. Yule kasa tuna deni.