Kabla ya Salamu, Uliza: Unaendesha?

Leo nataka tuzungumze kuhusu simu na usukani, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikuwa narudi nyumbani kutoka zamu ya usiku, hapa Uingereza. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kwao Tanga saa tano. Mama yangu anaijua ratiba yangu kuliko mimi, na huo ndio wakati wake wa kunipigia. Simu ilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Ilipoita niligeuka, nikaona picha yake, nikanyoosha mkono. Nilipoinua macho nilikuwa nimekifikia kivuko, na mtoto wa shule ameshaingia barabarani. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari lilisimama, mtoto akanitazama, akavuka. Nilikaa pale natetemeka mpaka wa nyuma yangu akapiga honi.

Baadaye nilipiga hesabu. Gari likienda maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, linapita zaidi ya mita 13 kila sekunde. Sekunde 3 za kuangalia nani anapiga ni mita 40 ulizoendesha kama mtu aliyefumba macho. Kwenye barabara kuu, kwa maili 70 kwa saa, sekunde hizo hizo ni zaidi ya mita 90, karibu urefu wa uwanja wa mpira.

Sheria ya hapa haina mchezo. Ukikamatwa umeshika simu unaendesha, ni faini ya pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Tangu Machi 2022, hata kupiga picha au kuchagua wimbo kwenye simu uliyoishika ni kosa, na kusimama kwenye taa nyekundu si udhuru. Wanafunzi, hili lisikilizeni vizuri: ukipata pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu ufaulu mtihani, leseni inafutwa, unaanza upya nadharia na barabarani. Mlioko Marekani, kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo ulizeni ya kwenu.

Najua wengine mtasema, "Mimi natumia spika, mikono iko kwenye usukani." Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali karibu mara 4 kuliko asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina nafuu kubwa. Sababu ni kwamba akili haiko barabarani. Abiria aliye pembeni yako anaiona njia, pakiwa pabaya hunyamaza, au hukuambia "angalia!" Anayekupigia kutoka Mombasa au Muscat haoni kitu. Anaendelea kukusimulia habari za msiba na mahari huku wewe unaingia kwenye mzunguko.

Hapo ndipo nilipokumbuka upande wa pili. Mdogo wangu anaendesha bodaboda huko nyumbani. Nikimpigia hupokea mara ya kwanza inapoita, simu ameichomeka ndani ya helmeti, nasikia upepo na honi za malori. Kwa miaka mingi nilifurahi kwamba ananijali. Ukweli ni kwamba simu ya dada aliye Ulaya haikatwi. Huenda ni ada ya shule, huenda ni dawa za mama, huenda ni hela ya tairi. Nani ataiacha iite? Kwa hiyo mimi, muuguzi ninayewahudumia watu waliovunjika mifupa, nimekuwa nikimweka mdogo wangu hatarini kwa mazungumzo ya "vipi hali, mmeshindaje?"

Siku hizi swali langu la kwanza, hata kabla ya salamu, ni, "Uko barabarani?" Akisema ndiyo, nakata. Mwanzoni alidhani nimekasirika. Nilimweleza kwamba asipopokea sitahesabu kuwa ni dharau, na hela ikiwepo itatumwa tu. Sasa akiwa kazini haipokei. Akipumzika kijiweni ananitumia ujumbe, nampigia.

Kwa upande wangu, simu inaingia kwenye begi, na begi linakaa kiti cha nyuma, mlio umezimwa. Kama nina hamu ya kuongea na Mama, nampigia nikiwa bado kwenye maegesho, gari limezimwa, tunamaliza maneno yetu ndipo naondoka.

Kumwambia Mama haikuwa rahisi. Nilipomwomba asinipigie wakati ule alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe siku hizi mimi ni usumbufu?" Ilinibidi nimsimulie habari za yule mtoto, jambo ambalo sikutaka alijue. Alikaa kimya tena, safari hii kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Basi mwanangu, ukifika unibipu. Mimi nipo."

Ndugu msomaji, zungumza na watu wako wiki hii, waliopo hapo na walioko nyumbani. Mkubaliane saa za kupigiana, na mwambie kila anayeendesha kwamba wewe hutanuna asipopokea. Tuonane toleo lijalo, mkiwa salama.