Aibu Isiwe Kikwazo cha Afya ya Vijana

Tangu Uhuru, maradhi yamehesabiwa miongoni mwa maadui watatu wa Taifa, pamoja na ujinga na umaskini. Katika magonjwa ya zinaa, ujinga na maradhi hushirikiana, na wanaoumizwa sana ni vijana.

Kisonono, kaswende na klamidia mara nyingi hukaa mwilini bila dalili. Msichana aweza kujiona mzima, kumbe ugonjwa unaharibu mirija ya uzazi na kumwachia ugumba. Kungoja augue ndipo apimwe ni kuchelewa.

Taifa halikukaa bure. Utafiti wa Mwanza uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa hayo vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwa kiasi cha asilimia 40. Mwaka 2018, chanjo ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote. Mwaka 2019, Bunge lilishusha umri wa kupima virusi vya Ukimwi bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15.

Lakini sheria hufungua mlango tu. Kijana anayekaripiwa zahanati hatarudi tena. Watumishi wa afya hawana budi kumpokea kwa heshima na kutunza siri yake.

Wazazi nao wasisingizie mila. Jando na unyago viliwekwa kwa sababu wazee walijua kuwa kijana sharti afundwe. Kunyamaza si mila. Ni kumwacha mtoto mikononi mwa adui.