GUNIA LA SUKUMA WIKI SI NYONGEZA YA MSHAHARA



Mwezi uliopita wajumbe wetu walikaa mezani na tajiri mmoja wa hapa Nairobi. Jina lake tunaliweka kwanza, kwa sababu mazungumzo hayajaisha. Tulikuwa tumepeleka dai la nyongeza ya mshahara na pesa za nyumba. Tulitaja bei ya unga, tukataja mafuta ya kupikia, tukataja nauli. Mkubwa wao alitusikiliza hata mwisho, akavua miwani, akasema kwamba watu wa mjini wamezoea kununua kila kitu. Kampuni, alisema, iko tayari kumpa kila mfanya kazi magunia mawili na miche ya sukuma wiki apande mlangoni pake, na hapo gharama ya maisha itashuka.

Sisi hatuidharau sukuma wiki. Wengi wetu tunapanda, na tunataka kila mwanachama mwenye nafasi ya hatua mbili apande. Basi tuanze na gunia lenyewe, maana yule bwana hakika hajawahi kujaza hata moja.

Chukua gunia la kilo 90. Tafuta kopo kubwa lililotolewa vifuniko vyote viwili, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto. Zungushia udongo uliochanganywa na samadi, sehemu mbili za udongo kwa moja ya samadi. Udongo ukifika ukingo wa kopo, livute juu, ujaze kokoto tena, na hivyo hivyo mpaka gunia lisimame lenyewe likiwa na nguzo ya mawe ndani yake. Maji unayamwaga juu ya mawe hayo, nayo yanashuka hata chini. Asiyeweka mawe atakuta miche ya juu imelowa na ya chini imekufa kiu. Kisha toboa matundu ubavuni, yapishane, kiasi cha shubiri moja kati ya tundu na tundu. Miche 30 au zaidi inaenea, na juu pakabaki nafasi ya dania na vitunguu. Ukipata miezi miwili unachuma majani ya chini, ukiacha moyo wa mche. Terere inakuja upesi zaidi. Maji yaliyooshea mboga au mchele yasimwagwe mtaroni, yapelekwe guniani.

Neno moja juu ya udongo, na tafadhali lisipuuzwe. Usichote kando ya barabara kubwa, wala karibu na gereji, wala mahali palipoyeyushwa betri. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na risasi ikaingia katika udongo wao na katika damu ya watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mboga iliyoota katika udongo wa namna hiyo ni kijani kama nyingine, huwezi kuijua kwa macho.

Kibera wanaijua kazi hii. Baada ya fujo za uchaguzi wa 2007 magunia yalienea sana huko, na yalisaidia nyumba nyingi kupata mboga wakati soko lilipokuwa shida. Lakini waulize akina mama wa Kibera gunia lilizaa nini. Lilizaa mboga. Halikuzaa unga wa kulia mboga hiyo, wala mafuta ya kuikaangia, wala karo, wala kodi ya nyumba. Nalo gunia linakunywa. Pale ambapo maji ni ya kununua kwa mtungi, mwenye gunia anapiga hesabu kila jioni: maji haya ni ya mche au ni ya mtoto kuoga?

Tena hesabu ya yule bwana si mpya, ni ya babu zake. Wakati wa ukoloni mfanya kazi wa Nairobi alilipwa mshahara wa kapera. Akiuliza mke wangu na watoto watakula nini, aliambiwa wako rizavu, wana shamba. Jembe la mama ndilo lililomjazia tajiri mfuko. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali ya kikoloni yenyewe, ilisema kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima, ikashauri kima cha chini kihesabiwe kwa mtu mwenye familia. Leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, rizavu imekunjwa ikatiwa ndani ya gunia, nasi tunaambiwa tushukuru!

Na sasa sikilizeni kichekesho. Katika laini za kampuni hiyo hiyo, msimamizi wa nyumba aling'oa magunia manne ya wanachama wetu mwezi huo huo, akisema yanaleta uchafu na mbu. Miche ilikuwa tayari kuchumwa. Bwana mmoja anatoa magunia mezani, na mtumishi wake anayang'oa mlangoni. Tulipouliza, tukaambiwa hizo ni afisi mbili mbalimbali.

Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Tunataka kujua msimamizi yule alisoma sheria gani.

Na tukiwa hapo hapo: tangu sheria ya 2024 tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara mzima kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 na wakoloni ambao hawakutupenda, na hata wao waliacha uwanja kati ya nyumba. Ghorofa tunazozilipia sisi zisimwagiwe saruji hata mlangoni. Waache ardhi, waweke na bomba la nje.

Kwa tajiri wetu tumejibu kwa barua. Magunia tumeyapokea, yawe mawili kwa kila mtu kama alivyosema, pamoja na samadi, ruhusa ya maandishi katika laini zote, na malipo ya miche iliyong'olewa. Dai la mshahara liko pale pale, halikupungua hata senti moja, na tarehe ya kikao kijacho tumemwachia achague ndani ya siku 14.

Wanachama walio na miche ya ziada wailete mkutano wa tawi, ikiwa imefungwa kwa karatasi mbichi. Wale wanne waliong'olewa watagawiwa kwanza.