Mti wa mathenge ungepita ukaguzi hata leo?

WAFUGAJI wa jamii ya Ilchamus walipoishtaki serikali katika Mahakama Kuu jijini Nairobi, hawakutegemea hati za mawakili pekee. Walimleta pia mbuzi aliyepoteza meno. Kilio chao, katika kesi iliyoamuliwa mwaka wa 2007, kilikuwa kwamba mti wa mathenge ulikuwa umevamia malisho yao karibu na Ziwa Baringo, na kwamba maganda matamu ya mbegu zake yalikuwa yakiozesha meno ya mifugo hadi wanyama wakashindwa kula.

Kisa cha mbuzi huyo chaweza kuchekesha, lakini swali lililoletwa naye mahakamani ni zito. Mmea wa kigeni ukiletwa nchini na watu wenye nia njema, kisha ukageuka janga, nani atawajibika?

Ikumbukwe kwamba mathenge haukupenyezwa na walanguzi usiku wa manane. Asili yake ni Amerika. Mapema katika miaka ya sabini ulipandwa Bamburi, Mombasa, ili kurejesha uhai katika machimbo yaliyokuwa yamebaki mawe matupu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini ukapelekwa Baringo kupitia mradi wa upanzi wa miti ulioungwa mkono na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Maeneo kame yalihitaji kuni, kivuli na kinga dhidi ya mmomonyoko wa udongo. Mti huo ulitoa yote hayo.

Sifa zilizoufanya upendwe ndizo zilizoufanya uogopwe. Unastahimili ukame kwa sababu mizizi yake hufuata maji mbali ardhini. Ukikatwa, kisiki huchipuka upya. Mbuzi na ng'ombe hula maganda yake na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi popote waendako. Kufikia mwaka wa 2008, serikali ilipoutangaza rasmi kuwa gugu hatari, tayari ulikuwa umekita mizizi Baringo, Turkana, Garissa na Tana River. Kejeli ni kwamba sheria iliyotumiwa kuutangaza hivyo, ambayo chimbuko lake ni enzi za ukoloni, humtwika anayemiliki au kutumia ardhi jukumu la kuling'oa gugu. Aliyelileta hatajwi.

Tangu wakati huo ukaguzi umeimarika. Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea Nchini (KEPHIS), lililoanzishwa mwaka wa 1996, humtaka anayeagiza mimea au mbegu apate kibali kabla ya shehena kuondoka ng'ambo. Shehena sharti iandamane na cheti cha afya kutoka nchi inakotoka, na hukaguliwa bandarini, katika uwanja wa ndege au mpakani. Miche inayotiliwa shaka huweza kuzuiliwa katika karantini ya Muguga.

Wakenya wanajua vyema makali ya masharti kama haya, maana nao hukaguliwa. Mnamo 2003, vipandikizi vya maua ya jeraniamu kutoka humu nchini viligunduliwa Marekani vikiwa na bakteria ambayo pia hunyausha viazi, na mimea mingi ikateketezwa huko. Mnamo 2014, Kenya yenyewe ilisimamisha uuzaji wa maembe katika soko la Ulaya kutokana na nzi wa matunda, na ikachukua miaka kadhaa kurejea. Nzi aliyehusika zaidi, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 2003. Hakuna aliyemwagiza.

Hata hivyo, cheti cha afya ya mimea hujibu swali moja tu, nalo ni iwapo shehena ina wadudu au magonjwa yaliyopigwa marufuku. Mbegu ya mathenge ingekipata bila taabu. Ilikuwa na afya tele, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Hali ni hiyo hiyo kwa magugumaji yanayoziba ufuo wa Ziwa Victoria, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake.

Australia, ambako jamaa za mathenge pia ni magugu sugu, ilibadilisha utaratibu wake katika miaka ya tisini. Mmea mgeni huzuiwa kwanza, kisha hupimwa kwa maswali 49 kabla ya kuruhusiwa. Miongoni mwa maswali hayo ni iwapo umewahi kuwa gugu kwingineko, mbegu zake husambazwa na nini, na ukikatwa huchipuka tena? Mathenge ungeanguka mtihani huo mapema.

Haimaanishi kila kigeni kifungiwe lango. Mahindi yalitoka Amerika na majani chai Asia, na mkulima anayesubiri mbegu bora ana haki ya kulalamika kibali kikichelewa. Isitoshe, kuna wavamizi wasiozuilika kwa karatasi. Nondo wa viwavijeshi waliothibitishwa nchini mwaka wa 2017 huruka usiku na kuvuka mipaka bila kupitia Busia wala Namanga.

Lakini mti haujirukii. Kuna anayeuagiza, na mara nyingi ni mradi wenye wafadhili, bajeti na tarehe ya kufungwa. Miradi ya upanzi wa miti inapozidi kuhimizwa nchini, ingefaa kila anayeleta aina mpya atakiwe kuijaribu kwanza katika shamba lililozingirwa, na kuweka dhamana ya fedha itakayodumu kupita muda wa mradi wenyewe. Mathenge ulihitaji miaka kama ishirini na mitano tu kutoka kitaluni Baringo hadi mahakamani Nairobi.