Filamu ya "Hero" Itazameni Rangi Zikiwa Kamili

Mara ya kwanza niliiona "Hero" kwenye banda la video Magomeni, tumebanana kwenye mabenchi, televisheni ya inchi 21 imewekwa juu ya kabati. Nakala ilikuwa imerudufiwa hadi ikapauka. Tulitoka tukinung'unika: adui anauawa, baada ya muda yu hai, kisha anauawa tena! Rafiki yangu akasema picha haina kichwa wala miguu, nami nikaafiki.

Miaka kadhaa baadaye niliiona tena, nakala safi, skrini pana. Nikatambua kwamba siku ile tulinyimwa hadithi yenyewe.

Filamu hii ya mwongozaji Zhang Yimou, ya mwaka 2002, inasimulia kisa kimoja zaidi ya mara moja, na kila simulizi ina rangi yake. Jet Li ni mpiganaji asiye na jina anayefika mbele ya mfalme wa Qin, yule aliyeiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo, kueleza alivyowamaliza watu watatu waliotaka kumuua mfalme huyo. Anaposimulia habari za mmoja wao, Upanga Uliovunjika, na mpenzi wake, wote wamevaa nyekundu. Mfalme anamwambia unanidanganya, anatoa kisa anachokiona yeye, na nguo zinageuka bluu. Ukweli unapokuja, umevaa nyeupe, na ndani yake mna kumbukumbu za kijani. Kwenye nakala yetu ya Magomeni bluu na kijani zilikuwa kitu kimoja. Tungejuaje nani anasema kweli?

Kuna pambano moja ambalo nalirudia kila mara. Maggie Cheung na Zhang Ziyi, wote wamevaa nyekundu, wanakabiliana katikati ya miti yenye majani ya manjano. Upepo unapovuma majani yanazunguka kama kundi la nyuki. Mmoja anapochomwa upanga, manjano yote inageuka nyekundu, mti kwa mti, hadi msitu mzima umeiva damu. Mpigapicha, Christopher Doyle, hakuhitaji neno.

Pia tazameni mishumaa iliyopangwa mbele ya mfalme. Miali inapolala upande wake, anajua kwamba aliyeketi hatua kumi tu kutoka kwake amekuja na nia ya kuua.

Wapo wanaoilaumu filamu hii kwamba inamtukuza mtawala katili. Hoja hiyo ni nzito, na mwisho wake hata mimi unanisumbua. Sitausimulia hapa. Lakini aliyezoea kwamba steringi hafi, na anayepima picha za Kichina kwa idadi ya mateke, ajiandae kukaa kimya na kutumia macho.

Watafsiri wetu wa vibandani, wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, nawaheshimu, ndio walionifundisha kupenda sinema. Kwa hii, hata hivyo, nawaomba ninyi watazamaji mwiache izungumze Kichina chake, msome maandishi ya chini, na msikie muziki wa Tan Dun bila sauti nyingine juu yake. Mwenye skrini kubwa awaalike majirani. Zimeni taa. Na tafadhali, msiitazame kwenye simu.