Madaraka Yasiwe Lumbesa

Ukishuka Uyole, Mbeya, asubuhi ya Juni, ukungu ukiwa haujaachia barabara ya Tukuyu, utawakuta vijana wawili wakihangaika na gunia la viazi. Wanalijaza mpaka mdomoni, nawe mgeni unadhani wamemaliza. Kumbe ndiyo kwanza wanaanza. Wanaungia kipande cha gunia jingine juu, viazi vinapangwa kimoja kimoja mpaka kilemba kisimame, kisha kamba inapitishwa na kukazwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima aliyevitoa viazi hivyo Isongole atalipwa bei ya gunia moja. Vilivyomo kilembani vimekwenda bure.

Si kwamba sheria hakuna. Sheria ya Vipimo ipo, Wakala wa Vipimo upo, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Tena kila baada ya misimu kadhaa hutokea kiongozi akasimama sokoni, akafoka, akapigiwa makofi, msafara ukaondoka. Wiki ya pili kilemba kimerudi.

Mjadala wetu kuhusu kiongozi imara unakwama papo hapo. Tunaipima sauti yake, hatupimi kinachobaki akishaondoka. Kwangu mimi, kiongozi imara katika demokrasia ni yule anayeleta mizani sokoni, halafu na yeye mwenyewe akakubali kupimwa. Madaraka nayo yana mdomo wa gunia, na mdomo huo ni sheria. Yakipita hapo, kuna mtu anayenyang'anywa haki yake.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Watasema nchi maskini haiwezi kusubiri vikao, na kwamba bila mkono wa chuma hakuna kinachokwenda. Watamtaja Hayati John Magufuli, na ni haki yao. Wengi wanakumbuka jinsi watumishi walivyoanza kuwahi ofisini. Wamachinga wanakumbuka Desemba 2018, alipowapa wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Kwa shilingi 20,000 mchuuzi alipata kinga dhidi ya mgambo.

Lakini hebu tuufuate mfano huo mpaka mwisho. Magufuli alifariki Machi 2021. Kabla mwaka haujaisha, wamachinga walikuwa wakiondolewa kando ya barabara katika miji mingi, na vibanda vikavunjwa. Kitambulisho kilikuwa kilekile na mchuuzi yuleyule, ila aliyekuwa akimkingia kifua hakuwepo tena. Kinga ile ilisimama juu ya neno la mtu mmoja, na neno la mtu haliishi zaidi yake. Katika miaka hiyohiyo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, kuanzia 2016 hadi Januari 2023. Njia ambayo mchuuzi angeitumia kudai kinga yake iwe sheria ilikuwa imefungwa.

Nyanda za Juu Kusini tuna somo la zamani zaidi. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Ismani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alimkuta mkulima Saidi Mwamwindi akilima shambani kwake. Kleruu alikuwa msomi na mchapakazi, na alikuwa akiusukuma mpango wa vijiji vya ujamaa kwa nguvu zote, katika eneo ambalo wakulima walikuwa wamejijengea mashamba makubwa ya mahindi. Maneno yalizuka, Mwamwindi akampiga risasi na kumuua. Naye alihukumiwa kunyongwa.

Mauaji yale hayana utetezi. Hata hivyo, yatupasa kujiuliza: kabla ya siku ile, mkulima wa Ismani alikuwa na mahali gani pa kulipeleka neno lake akasikilizwa? Mkuu wa mkoa hakuchaguliwa na watu wa Iringa, na hawakuwa na kura ya kumwondoa. Mpaka leo wakuu wa mikoa na wilaya huteuliwa na Rais, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa uwezo wa kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48. Sheria hiyo imeweka masharti: pawe na hatari kwa amani, na sababu ziandikwe. Lakini mara ngapi tumesikia mtu ameswekwa ndani kwa kuwa tu amejibu vibaya mkutanoni? Hicho ndicho kilemba juu ya gunia.

Nguvu ya kweli nimeiona katika tukio ambalo halikuwa na kelele. Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu watu waliokamatwa katika msako mkoani Shinyanga waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakumgusa mtu. Lakini wizara ilikuwa yake, akaubeba mzigo. Wengine wangeona huo ndio mwisho wake. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Muungano. Kuwajibika hakukumvunja.

Uwajibikaji wa namna hiyo tunauhitaji hata leo. Mwaka 2025 Uyole ilipata jimbo lake la uchaguzi, lililogawanywa kutoka Mbeya Mjini. Uchaguzi mkuu wenyewe, wa 29 Oktoba, uliambatana na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti nchini. Familia zinazoomboleza hazihitaji kiongozi wa kuzifokea. Zinahitaji kiongozi mwenye ujasiri wa kusema: hili limetokea chini yangu, niulizeni.

Na sisi tunaoongozwa tunalo letu. Mkulima hakubali lumbesa kwa ujinga. Anakubali kwa kuwa yuko peke yake, viazi vinaoza, na akigoma mnunuzi anahamia shamba la jirani. Siku wakulima wote wa kijiji wakipeleka mzigo wao kwenye mizani moja, mnunuzi hana pa kuhamia. Hata kiongozi haachi kujaza kilemba kwa kuwa mmoja wetu amenung'unika. Ataacha siku mkutano wa mtaa utakapojaa watu, na wote wakataka kusomewa taarifa ya mapato na matumizi, tarakimu kwa tarakimu.

Kiongozi atakayekaa kwenye benchi siku hiyo, akaulizwa mpaka maswali yakaisha, kisha akaenda kurekebisha, huyo nitamwita imara. Akimaliza muda wake na kuondoka, mizani itabaki sokoni, na mkulima wa Isongole atauliza bila hofu: kilo ngapi?